Barua ya wazi kutoka Ujiji: Mali kauli nayo iingie kwenye mtihani

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU),
Makamu Wakuu wa Vyuo, na wakuu wa shule, ndaki na vitivo vyote vya biashara.

YAH: KUINGIZA BIASHARA YA WENYEJI KATIKA SHAHADA ZA BIASHARA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni afisa ushirika mstaafu. Utumishi wangu umepita Urambo, Sikonge na Kasulu. Tangu nistaafu nipo Ujiji, nauza mawese na kuvisaidia vikundi vya akina mama kuweka hesabu. Si mhadhiri wala sina shahada ya pili. Ila kila mwaka, vyuo vinapotoa wanafunzi kwenda mafunzo kwa vitendo, wako wanaoletwa kwangu na barua yenye mhuri, wajifunze “ujasiriamali wa wananchi”. Nawapokea. Ni vijana wazuri, wana adabu na hawachagui kazi. Nguvu tano za Porter, ule mchoro wa ushindani sokoni wanaofundishwa darasani, wanazichora bila kutazama daftari. Lakini ukiwauliza kwa nini leo mwalo wa Kibirizi hauna chombo hata kimoja kinachojiandaa kuingia majini, wanatazamana.

Nitaanza na dodoso, kwa kuwa huko ndiko tatizo linakojionyesha mapema.

Binti mmoja wa mwaka wa pili nilimpeleka Katonga kwa mama anayeanika dagaa. Swali mojawapo la dodoso lake liliuliza mapato kwa mwezi, na chini yake kulikuwa na visanduku vya kutia alama. Mama akasimamisha kazi, akafuta mikono kwenye kanga, akauliza: “Mwanangu, unataka ya siku za giza au ya siku za mbalamwezi? Maana wiki hii sijaanika hata beseni moja.” Binti akarudia swali vilevile lilivyoandikwa. Mama akamwambia, “Basi andika unavyoona.” Jioni nikaomba kuziona zile karatasi. Alama ilikuwa kwenye kisanduku cha “Hana kumbukumbu za mapato”.

Mama huyo anajua kichwani nani anamdai na yeye anamdai nani, kuanzia Mwandiga hadi Kasulu, na kila deni liko kwenye hatua gani. Kumbukumbu anazo. Aliyekosa pa kuziandika ni aliyetunga dodoso.

Kwa ambao hawajafika kwetu, mambo yako hivi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi zinachajiwa kwa jua. Taa inawavuta dagaa juu, wavu unainuliwa. Mwezi ukipevuka ziwa zima lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa, basi vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinafungwa ufukweni. Nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, vijana wanakwenda Kalinzi na Mwandiga kuona familia zao. Fedha ya mwalo inaingia wakati wa giza na kukauka wakati wa mbalamwezi, mwaka hadi mwaka. Ada ya mtoto, deni la duka, hata siku ya harusi, vyote vinapangwa kwa kuhesabu giza.

Sasa mpeni mama huyo mkopo wa marejesho ya kila Jumatatu. Afisa mikopo, kijana aliyehitimu shahada nzuri tu, anamwandalia jedwali la mzunguko wa fedha lenye Januari hadi Desemba na kiasi kilekile kila wiki. Wiki tatu analipa bila shida. Wiki ya nne hakuna dagaa, na Jumatatu haisubiri. Anakwenda kuchukua kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa, ili alipe mkopo wa halali, na hapo ndipo mtaji unapoanza kuliwa. Kwenye ripoti ya tawi ataitwa mteja asiye na nidhamu ya marejesho. Watamshauri ahudhurie semina ya elimu ya fedha, na semina yenyewe itaangukia wakati wa giza, akiwa na mzigo kwenye chanja.

Ombi langu kwenu ndilo hili: biashara hii ya watu wa hapa, pamoja na kanuni zake, ifundishwe na itahiniwe katika shahada zenu. Ifundishwe kama elimu yenye mantiki yake, na pale ilipo na kasoro kasoro zisemwe. Muache kuitaja katika aya moja ya “sekta isiyo rasmi” inayosubiri mhitimu wenu aje airasimishe. Na wanaoifanya wawe miongoni mwa waalimu wake, kwa malipo.

Chukueni mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa kwa ahadi ya mdomo na kulipwa baadaye. Mfanyabiashara wa Kitanzania asiyeijua ni nadra, na mimi bado sijakutana na mwanafunzi aliyewahi kuulizwa swali la mtihani juu yake.

Mchuuzi anatoka Kasulu na nauli na simu. Anachukua magunia ya dagaa wakavu kwa neno lake, hakuna karatasi. Bei inapangwa palepale, juu kidogo ya bei ya taslimu, na tofauti hiyo ndiyo malipo ya kusubiri. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, wapo wasiotaka kabisa kusikia riba, na kwao hii ni bei, si riba. Siku ya kulipa haitajwi kwa tarehe: “nikimaliza mzigo”, au “baada ya minada miwili”. Mzigo ukinyeshewa njiani watakaa chini watapunguziana, kwa sababu mwenye mzigo anajua kwamba akimkaba mchuuzi leo, kesho hana wa kumpelekea. Anayechukua kwa mara ya kwanza huja na mtu wa kumdhamini, na mdhamini haweki hati ya kiwanja, anaweka jina lake. Atakayekimbia deni hatafutwi na wakili. Anakosa mzigo Ujiji, na kabla wiki haijaisha amekosa Kibirizi na Katonga.

Na akifa? Sote tumesimama misibani tukasikia tangazo kabla ya mazishi: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Tunalichukulia kama ibada tu, na ibada ni kweli. Lakini litazameni kwa jicho la mhasibu. Ni uhakiki wa madeni unaofanyika hadharani, mbele ya mashahidi mamia, siku hiyohiyo, bila gharama. Ni benki gani inafunga hesabu za mteja aliyefariki kwa kasi hiyo?

Humo ndani mna tathmini ya mkopaji, dhamana, bei ya hatari, mgawano wa hasara na utatuzi wa migogoro. Mwanafunzi anavisoma vyote hivyo, kila kimoja katika kozi yake, kwa mifano ya benki za Marekani. Hata sheria haiko mbali: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai mkataba wa mdomo. Wanaoukataa ni sisi tuliosoma.

Siji hapa kuipamba. Mali kauli ina maradhi yake, na hapo hasa ndipo tunapovihitaji vyuo. Inawafungulia wanaojulikana na kuwafungia wasiojulikana. Msichana aliyetoka Kibondo juzi, hata awe mwaminifu namna gani, hana wa kumtaja jina lake. Siku hizi pia mtu anabadilisha laini ya simu na kuhamia mkoa mwingine, ile aibu iliyokuwa ikimfuata haimfikii. Bei ya kusubiri nayo, kwa mwenye shida, huweza kupanda mpaka ikazidi riba yoyote ya benki, na hakuna anayeisema kwa kuwa haijaandikwa. Mfumo uliofanya kazi mtu alipokuwa anafahamika kwa sura na ukoo utafanyaje kazi kwenye malipo ya simu? Hilo ni swali la shahada ya uzamivu, liko hapa mwaloni, na hakuna aliyeligusa kati ya vijana wote waliopita kwangu. Wengi wao waliandika kuhusu “changamoto zinazowakabili wajasiriamali wadogo”. Changamoto zilikuwa zilezile kila mwaka: ukosefu wa mtaji, ukosefu wa elimu.

Mgao wa kipe nao ungestahili muhula. Kwa kifupi: gharama za usiku zinatolewa kwanza, petroli na chakula na matengenezo, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri mwenye chombo na vijana waliovua. Usiku usio na dagaa hakuna mshahara. Kijana anabeba hasara pamoja na tajiri, ila faida hawabebi sawa, na anayeandika gharama ni tajiri. Hapo mtu anaweza kufundisha ukaguzi wa hesabu kwa wiki nzima.

Sasa historia, kwa kuwa darasani inasemwa kana kwamba biashara huku ililetwa na reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikichemshwa kutoka chemchemi zake zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hapo, na watu walitoka mbali kuifuata. Katika karne ya 19 soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake, shanga zilizoitwa sofi, na walikuwepo watu ambao kazi yao sokoni ilikuwa kubadilisha nguo kwa shanga, kiwango kikipanda na kushuka. Hilo ni soko la fedha za kigeni, wenye kofia zao na majamvi yao. Watalii wanaletwa hapa kuonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Soko lililokuwa linaendelea pembeni yao halina hata kibao.

Tabora ndiyo ilikuwa njia panda, na Wanyamwezi ndio walioufanya usafirishaji kuwa kazi ya watu wenye ujuzi. Msafara wa mamia ya wapagazi ulikuwa na kirangozi wake mbele, posho iliyopimwa, ujira uliokubaliwa kwa nguo, ushuru wa kila mtemi njiani, na ratiba ya kwenda kiangazi ili watu wawahi mashambani mvua zikianza. Imani kati ya wasiojuana ilitengenezwa kwa makusudi: watu walichanjiana wakawa ndugu, na utani wa makabila ukakomaa kwenye njia hizo, mtu akapata ugenini maji, pa kulala na wa kumzika. Yeyote anayefundisha mnyororo wa ugavi Tanzania bila kugusa misafara ameanza katikati.

Nyinyi mnajua, nami najua, kwamba njia hizo hizo zilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Atakayefundisha misafara akawaruka watumwa anadanganya darasa. Ubugabire wa Buha, ambapo mtu alipewa ng'ombe akawa chini ya mlinzi wake, ulikuwa na hifadhi ndani yake na pia ulikuwa na unyonge. Mwanamke katika mengi ya haya alifanya kazi na hakugawiwa. Ndiyo maana nasema yaingie chuoni, mahali pa kuhoji, yasiachwe kwenye ngoma za maonyesho ya Nane Nane.

Kwa wanaoona haya ni mambo ya wazee, nina mfano wa bei ya kutouliza wenyeji. Urambo, nilikofanyia kazi, ni moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, za mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947. Walilenga kulima ekari zaidi ya milioni 3. Ujumbe wa wataalamu waliopendekeza mpango ulikuwa umeizunguka nchi kwa wiki tisa tu mwaka 1946. Matrekta yakaletwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa vya kulimia. Kule Kongwa mvua ilipokatika udongo ulikakamaa, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 mpango ukafutwa na zaidi ya pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Wagogo walikuwa wanaishi kwenye ardhi ileile muda wote huo, wakiijua ilivyo kiangazi na ilivyo mwaka wa ukame. Kuwauliza kusingegharimu hata bei ya trekta moja. Somo hili lilitokea kwetu, kwenye ardhi yetu, lakini vijana ninaowapokea wanasimulia vizuri zaidi jinsi Kodak, kampuni ya kamera ya Marekani, ilivyoanguka.

Wala tusiwasingizie wakoloni peke yao. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vyama ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga kwa miaka mingi, kisha sheria ya mwaka 1982 ikafungua mlango wa kuvirudisha. Vilivyorudi havikuwa vilevile. Nimeitumikia kazi hiyo, najua ilivyo vigumu kumrudisha mkulima wa tumbaku kwenye mkutano aliokwisha kuukatia tamaa. Hilo nalo nalipenda liwe darasani, lisemwe bila woga.

Pia mifano ya kufaulu ipo, tena jirani. Igunga na Nzega wana ngitili kama walivyo nazo Shinyanga: malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, kwa sehemu kubwa kwa kuwa mradi ulikubali kwenda na kanuni na mabaraza ya wafugaji wenyewe. Mwaka 2009 Elinor Ostrom akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa kuonyesha kwamba watu wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kuisimamia wenyewe bila kuigawa vipande wala kuikabidhi serikali. Vyuoni Ostrom anatajwa. Ngitili, ambayo mwanafunzi wa Tabora anaweza kuifikia kwa basi na kurudi jioni, haitajwi.

Nje ya nchi wenzetu wameanza, kila mmoja kwa sababu zake. Kanada, Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni walizolazimishwa watoto wa wenyeji, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, na wa 92 uliwahusu wafanyabiashara: wapate ridhaa ya wenyeji kabla ya kuanza miradi, na mameneja wafundishwe historia na haki za wenyeji hao. Shule ya biashara ya Sauder katika Chuo Kikuu cha British Columbia ina programu ya Ch'nook kwa wanafunzi wa jamii hizo. Na hii ndiyo nchi iliyopiga marufuku kwa sheria, kuanzia 1885 hadi 1951, sherehe za potlachi za watu wa pwani ya Pasifiki, ambamo mkuu wa ukoo alipata heshima kwa kugawa mali. Watawala waliona ufujaji. Waliokaribishwa walikuwa pia mashahidi wa nani ana haki ya jina gani na mahali gani pa kuvua, kwa hiyo kuizuia sherehe ilikuwa kuichoma masijala. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka tangazo letu la msibani.

New Zealand inatufaa zaidi sisi wa ziwani. Mwaka 1992, katika kumaliza madai ya Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, juu ya uvuvi, walipewa nusu ya kampuni kubwa ya uvuvi ya Sealord. Mali nyingi za Wamaori, mashamba na misitu na hisa, zinashikwa kwa pamoja kupitia wadhamini. Mhasibu wa huko hawezi kufanya kazi bila kujua namna ya kukagua mali ambayo mtu mmoja hana ruhusa ya kuiuza. Wetu je? Tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na hati za hakimiliki za kimila zinatolewa. Ni wahitimu wangapi wanaweza kumweleza mkulima wa Uvinza hati hiyo itampa nini benki, na itamnyima nini?

Tofauti kati yetu na hao inanisumbua. Kwao mwenyeji ni mgeni darasani, wachache waliorudishiwa kiti walichonyang'anywa. Kwetu darasa zima ni wenyeji. Kijana anaacha mwalo nyuma ya nyumba yao, anakaa chuoni miaka mitatu, anarudi na dodoso la kumuuliza mama yake kama ana kumbukumbu.

Najua kuna neno litakalosemwa kwenye kikao: ukabila. Njooni Kibirizi. Mtamkuta Muha, Mmanyema, Mbembe, Mrundi, Mkongo na Mnyamwezi, wote wanapeana mzigo kwa mali kauli, na hakuna anayeuliza kabila kabla ya kuuliza nani anakujua.

Nakuja kwenye yanayotekelezeka. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umevifanya vyuo vipitie upya mitaala na kuunda kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Ni jambo zuri. Wamo mameneja na wakurugenzi. Wekeni humo pia mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, mama mmoja wa mnada wa dagaa, mrina asali wa Sikonge, katibu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, ya tumbaku. Wasiwekwe kupamba picha. Wapewe ajenda kwa Kiswahili wiki mbili kabla, na posho sawa na ya mkurugenzi wa benki. Mtaalamu kutoka mjini akija kutoa mhadhara wa saa mbili analipwa nauli, hoteli na bahasha. Kwa saa tatu alizowapa wanafunzi siku ile, mama wa Katonga alipewa soda, tena soda yenyewe niliinunua mimi.

TCU mna uwezo wa jambo moja ambalo chuo kimoja hakiwezi. Katika kuidhinisha shahada ya biashara, ulizeni: onyesheni kozi ipi inafundisha na kutahini mfumo wa biashara wa wenyeji wa eneo chuo kilipo. Mtwara watafundisha korosho, Tabora asali na tumbaku, Kigoma dagaa, mawese na mpaka. Msiandike kitabu kimoja cha nchi nzima, kitageuka dodoso jingine.

Kila utafiti wa mwanafunzi uliofanyika kwa wananchi uwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ukasomwe kwa walewale waliohojiwa kabla cheti hakijatolewa. Kazi nzima inaandikwa kwa Kiingereza, inafungwa jalada gumu, inakaa maktaba. Aliyetoa maarifa hana njia ya kusema hapa umekosea. Na waulizwe kipi kisichapishwe. Mrina asali hatapenda kuona ramani ya mizinga yake kwenye mtandao, na ana haki hiyo.

Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi jirani, mwalo ulikaa miezi mitatu na madeni ya mali kauli yakiwa nje. Watu waliyapangaje upya? Nani alisamehe, nani alihamia mawese, nani alirudi shambani? Maelezo ya hayo yako kwenye vichwa vya watu hapa, na yanasahaulika kadiri siku zinavyokwenda. Tumeni wanafunzi sasa, wakae nao siku za mbalamwezi watu wakiwa na nafasi ya kuzungumza.

Ili nisiambiwe nalalamika tu, hili hapa swali la mtihani, litumieni bure:

Mama anayeanika dagaa ana mtaji wa shilingi 600,000. Siku za giza hununua beseni kwa shilingi 30,000. Siku za mbalamwezi hakuna mzigo. Ametoa magunia manne kwa mali kauli kwa mchuuzi atakayelipa baada ya minada miwili. Mkopo wake una marejesho ya shilingi 25,000 kila Jumatatu. (a) Tengeneza mzunguko wa fedha wa siku 29, ukitaja makadirio yako. (b) Mwandikie afisa mikopo barua ya kupendekeza ratiba nyingine ya marejesho. (c) Eleza ni katika hali gani mdhamini wa mdomo ni dhamana bora kuliko hati ya kiwanja, na ni katika hali gani si bora.

Mhadhiri atakayeona swali hili ni rahisi mno nitafurahi kuisoma karatasi yake ya majibu.

Naomba jibu la maandishi, hata kama ni la kukataa. Likija kwa Kiswahili nitalibandika kwenye ubao wa ofisi ya kikundi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa Ushirika Mstaafu,
Ujiji, Kigoma.

Nakala:
Mkuu wa Mkoa, Kigoma
Mkuu wa Mkoa, Tabora
Mwenyekiti wa BMU, Kibirizi